Farasi wa Safari Auzwe na Historia Yake

Mwenyekiti wetu, wazee, mabibi na mabwana mnaofuga farasi, madaktari wa mifugo mliokubali kuacha shughuli zenu asubuhi hii, na nyinyi masaisi, watunza farasi wenzangu, mliosimama kule kando ya ua ilhali viti vya mbele bado viko wazi, nawasalimu nyote. Ninawaomba masaisi msogee mkae, kwa sababu mengi nitakayoyasema leo yanawahusu nyinyi kabla ya kumhusu mtu mwingine yeyote.

Nimeombwa nizungumze juu ya kununua na kuuza farasi wa safari, yaani farasi wa kupandwa porini na milimani, biashara ambayo tunaifanya sisi kwa sisi kati ya Nanyuki, Timau, Naivasha, Gilgil, Limuru na Karen, mara nyingi kwa simu moja na picha mbili. Kazi hii niliianza nikiwa kijana wa kuchota maji na kuzoa samadi katika mazizi ya watu, nikawa saisi, nikawa mwongozaji wa wageni, na sasa nanunua farasi, nawafundisha na kuwauza kwa jina langu mwenyewe. Katika miaka hiyo nimewahi kudanganywa, na siku moja mimi pia nilinyamaza mahali nilipopaswa kusema. Yote mawili nitawasimulia. Ombi langu kwenu ni kwamba farasi wa safari asiuzwe tena kama mbuzi kwenye gunia. Auzwe na historia yake iliyoandikwa, na ajaribiwe katika njia ya kazi yake, mnunuzi mwenyewe akiwa juu ya tandiko, kabla ya pesa kutolewa.

Huyu farasi jike wa rangi ya kahawia mnayemwona chini ya mgunga nimekuja naye kwa makusudi. Anauzwa, na nitamtumia kuwaonyesha ninachokisema.

Tuanze na asili ya farasi wetu, maana asili ndiyo inayotufundisha maswali ya kumuuliza muuzaji. Kenya haina mnada wa farasi wa kila wiki kama ule wa ng'ombe na mbuzi, ambako mtu hulinganisha wanyama mia moja kabla ya adhuhuri. Farasi ni wachache na wana milango yao ya kuingilia. Mlango wa kwanza ni uwanja wa mbio wa Ngong, uliofunguliwa mwaka 1954, ambako farasi huanza kukimbia akiwa mdogo, miaka miwili au mitatu, na akishindwa au akiumia hutafutiwa kazi nyingine huku akiwa bado na umri mrefu mbele yake. Mlango wa pili ni viwanja vya polo, ambako farasi aliyepungukiwa na kasi huuzwa. Mlango wa tatu ni kaskazini, kwa wale farasi wadogo wenye miguu migumu wa Wasomali na Waethiopia, waliozoea tangu kale jua, kiu na mawe, ambao damu yao imechanganywa na ya farasi wa mbio hadi tukapata mnyama kama huyu jike. Wengine waliletwa na Makaburu waliohamia Uasin Gishu mwaka 1908. Kila mlango humpa farasi mazoea yake, na mazoea hayo hayabaki nyuma siku anapobadilishiwa mwenye mali.

Mfano wa farasi wa mbio ndio unaotugusa zaidi. Mnyama huyu amekaa zizini sehemu kubwa ya siku, amelishwa nafaka kwa wingi, na amefundishwa kwamba akisikia kishindo cha kwato nyuma yake, kazi yake ni kukimbia asipitwe. Halafu tunamtoa huko, tunampa jina la farasi wa watalii, tunampandisha mgeni ambaye hajawahi kushika hatamu, na tunawapanga farasi sita kwa mstari katika njia nyembamba ya porini. Wa nyuma akianza kanta, yaani mbio za wastani, huyu wa mbele anakumbuka kila alichofundishwa. Hana wazimu wala hana ubaya. Anafanya kazi aliyoijua. Nimewaona farasi waliotoka uwanjani wakawa viongozi wazuri kabisa wa misafara, watulivu hata mbele ya tembo, lakini walipewa miezi ya kupumzika malishoni, wakatembezwa polepole, wakajifunza kutangulia na kufuata. Kwa hiyo swali la mnunuzi ni hili: alitoka uwanjani lini, na tangu siku hiyo amepandwa na nani, wapi, na mara ngapi?

Kuna hila moja ambayo lazima niitaje hapa, kwa kuwa imewagharimu watu wengi. Farasi aliyekonda ni mpole. Ukimwona amesimama ameinamisha kichwa, mtoto anampanda na kushuka, wala hatingishi mkia, usiharakishe kumsifu kwa tabia njema, kwa sababu huenda hana nguvu ya kuwa na tabia yoyote. Mpeleke nyumbani, mlishe vizuri miezi miwili, ndipo utakapojua umenunua nani. Muuzaji mwaminifu humnenepesha farasi kwanza, akamfanyisha kazi akiwa na nguvu zake zote, ndipo akamwita mnunuzi.

Sasa nije kwenye tukio lililonifanya nianze kuandika mambo ya farasi wangu katika daftari. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua farasi maksai mmoja wa kijivu, yaani dume aliyehasiwa, mzuri wa umbo, mwenye mwendo mrefu wa kutembea ambao sisi waongozaji tunaupenda kuliko mbio. Nilimuuliza muuzaji kama farasi amechanjwa dhidi ya maradhi ya farasi ya Kiafrika. Akanijibu, «Amechanjwa, usiwe na shaka.» Sikuuliza lini, sikuuliza na daktari gani, wala sikuomba kuona karatasi. Mvua za masika zilikuwa zimekwisha tu na majani yalikuwa mengi. Siku ya sita baada ya kumfikisha kwangu aliacha chakula. Siku ya saba nikaona kwamba vile vishimo vilivyo juu ya macho, ambavyo kwa farasi mzima hubonyea, vilikuwa vimevimba vikajaa. Siku ya nane alfajiri nilimkuta amesimama ametanua miguu ya mbele, shingo ameinyoosha, anavuta pumzi kama mtu anayezama majini, na povu jeupe linamtoka puani. Kabla ya saa tatu asubuhi alikuwa amekufa. Saisi wangu, kijana aliyekuwa akimsugua kila jioni, alikaa chini kando yake hakusema neno mpaka mchana.

Nilipompigia muuzaji simu, alijibu tu kwamba farasi alipotoka kwake alikuwa mzima. Pengine hilo lilikuwa kweli, kwa sababu ugonjwa huo unaweza kukaa mwilini wiki nzima kabla ya dalili kuonekana, na ndiyo maana neno la mdomo halitoshi. Siku zilizofuata hakupokea tena simu yangu.

Maradhi haya madaktari waliopo hapa wanayajua kuliko mimi, lakini nitasema yale ambayo kila mnunuzi anapaswa kuyashika. Yanaletwa na virusi vinavyoenezwa na usubi, wale wadudu wadogo wanaouma zaidi kati ya machweo na mapambazuko. Pundamilia wanaweza kubeba virusi hivyo bila kuugua, na sisi tunaishi jirani na pundamilia, kwa hiyo tusitarajie kwamba ugonjwa huu utaondoka katika nchi yetu. Katika sura yake ya mapafu unaweza kuua hadi farasi 95 katika kila 100 walioambukizwa wasio na kinga, na hakuna dawa ya kuuponya. Mwaka 2020 uliingia Thailand, nchi ambayo haikuwa imewahi kuuona, ukaua farasi zaidi ya 500. Sisi tumeuzoea, na mazoea hayo ndiyo yanayotufanya tuwe wazembe, ilhali chanjo inatengenezwa hapa hapa Kenya, katika taasisi yetu ya KEVEVAPI. Farasi huchanjwa kila mwaka, vyema kabla ya msimu wa mvua ili kinga ipate muda wa kujengeka, na baada ya sindano hupewa muda wa kupumzika badala ya kurudishwa kesho yake kubeba wageni. Tarehe ya chanjo, namba ya chupa na sahihi ya daktari ziandikwe. Farasi asiye na maandishi hayo, mnunuzi amhesabu kuwa hajachanjwa, hata kama muuzaji ni ndugu yake wa tumbo moja.

Daftari ninalolizungumzia si kitu cha gharama. Hili langu ni lile la shule lenye kurasa 96. Ukurasa wa kwanza una rangi ya farasi, alama zake, mizunguko ya nywele zake na makovu yake, kwa maana jina linaweza kubadilishwa lakini mzunguko wa nywele kwenye paji la uso haubadiliki. Kurasa zinazofuata zina chanjo, dawa za minyoo, siku alizougua na alivyotibiwa, tarehe za kukatwa kwato, na majina ya mahali alipofanya kazi. Mwishoni nimeacha kurasa za tabia, na hizo ndizo zinazohitaji ujasiri kuziandika. Humo nimeandika kwamba jike huyu hapendi kuwa wa mwisho katika msafara, kwamba huvuta hatamu akikaribia nyumbani, na kwamba mwaka juzi alipatwa na homa ya kupe akalala siku nne. Muuzaji mmoja aliwahi kuniambia kwamba nikiandika hivyo nitapunguza bei yangu mwenyewe. Nilimjibu kwamba bei inayopungua leo kwa maandishi ni nafuu kuliko ile itakayopungua kesho kwa kesi na kwa jina baya.

Tumtazame sasa mnyama mwenyewe. Watu wengi hununua kwa rangi na kwa urefu, wakasahau kwamba farasi wa safari ni mbebaji. Naomba kijana mmoja anisaidie na utepe wa fundi cherehani. Tunaupitisha nyuma ya miguu ya mbele, chini ya kifua, na kuuzungusha hadi juu pale nyuma ya mabega. Tunapata sentimita 170. Sasa tunapima urefu wa mwili, kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako, sentimita 150. Zidisha 170 kwa 170, kisha kwa 150, halafu ugawe kwa 11,880. Jibu ni karibu kilo 365. Wataalamu wengi wanashauri kwamba mzigo wote wa farasi, yaani mtu, tandiko na mifuko, usizidi sehemu moja ya tano ya uzito wake. Kwa huyu ni kilo 73. Tandiko langu lina kilo 8, kwa hiyo mtu wake asizidi kilo 65.

Mnaona jinsi hesabu fupi inavyobadilisha mazungumzo. Kama una kampuni ya watalii na wageni wako wengi ni wanaume wa kilo 90, farasi huyu si wako, awe mpole au mzuri namna gani, na mimi nikikuuzia nitakuwa nimewakosea wewe na yeye pamoja. Kama unafundisha watoto na akina mama wenye miili midogo, huenda ukakaa naye miaka mingi. Nasikitika kila ninapoona bustanini au ufukweni farasi mdogo mwenye vidonda vya mgongo akipandishwa mtu mzito, na mwenye farasi akisema kwamba mnyama amezoea. Mgongo hauzoei.

Kuhusu umri, msitegemee mdomo wa muuzaji wakati farasi naye ana mdomo. Meno ya mbele ya utoto hung'oka kwa jozi, ya katikati akiwa na karibu miaka miwili na nusu, yanayofuata mwaka mmoja baadaye, na ya pembeni akikaribia miaka minne na nusu, hata akifika mitano kinywa kimekamilika. Baada ya hapo kusoma umri kunahitaji jicho zaidi. Msaada mmoja ni mfereji mdogo unaotokea kwenye jino la pembeni la juu, karibu na ufizi, farasi anapofika miaka kumi hivi. Hushuka hadi nusu ya jino akiwa na kumi na mitano, na hufika chini akikaribia ishirini. Ninamfungua huyu mdomo. Mfereji umeshuka kupita theluthi ya jino, naye kwa daftari ana miaka 13. Umri huo si kasoro kwa farasi wa safari. Farasi akitunzwa huishi miaka 25 na zaidi, na wa miaka 13 aliyekwisha kuona mto, radi, nyati na bodaboda ana thamani kubwa kwa mgeni kuliko wa miaka minne anayeyaona yote kwa mara ya kwanza. Anayedanganya umri wa farasi wa namna hiyo hajui hata ubora wa mali yake.

Miguu inataka subira. Fika mapema kuliko saa mliyoahidiana, umkute farasi kabla hajatayarishwa. Pitisha kiganja chini ya kila mguu, kuanzia goti hadi ukwato, ukilinganisha wa kushoto na wa kulia. Joto katika mguu mmoja, uvimbe, au kujivuta anapoguswa kwenye mishipa ya nyuma ya mguu ni habari ambayo hakuna aliyekusimulia. Inua kila ukwato uutazame chini. Ukiona umepasuka, au unanuka uozo, au umeachwa ukarefuka, jua kwamba hakukatwa kwa wiki zake sita hadi nane kama inavyotakiwa, na aliyepuuza ukwato hupuuza mengine. Kisha omba atembezwe na akimbizwe troti, yaani mbio za polepole, mbele yako kwenye ardhi ngumu iliyo tambarare, akiwa ameshikwa kwa kamba legevu. Tazama kichwa. Farasi anayechechemea mguu wa mbele huinua kichwa pale mguu mbovu unapokanyaga na kukishusha unapokanyaga ule mzima. Akishikwa kwa kamba fupi hutaona, na ndiyo maana wengine hupenda kumshika kwa kamba fupi.

Lakini mtihani mkubwa uko njiani, na hapa naomba mnivumilie nikae kidogo. Tumezoea kumjaribu farasi ndani ya uwanja wenye uzio, raundi mbili kushoto na mbili kulia, tukatia sahihi. Farasi wa safari hafanyi kazi uwanjani. Nenda mwenyewe malishoni ukaone kama anakamatika au anawakimbiza watu nusu saa. Mtazame akitandikwa: je, hufunua meno na kulaza masikio ukanda wa tumbo unapokazwa? Mwache muuzaji au saisi wake ampande kwanza, na wakikataa kumpanda farasi wanayekuuzia, shukuru urudi nyumbani. Kisha panda wewe. Farasi asimame tuli hadi mguu wako wa pili uingie kwenye kikuku. Ondoka naye peke yake, bila mwenzake, hadi mahali asipoyaona mazizi, kwa maana farasi wengi ni hodari wakifuata mkia wa mwingine na huwa watu wengine kabisa wakiachwa. Mvushe maji. Mpitishe karibu na matatu iliyosimama na muziki wake, na pikipiki inayotoka nyuma, na mama aliyebeba mzigo wa kuni, na turubai linalopepea. Shuka katikati ya njia, umshike, upande tena kutoka juu ya jiwe. Mpandishe kilima kwa nguvu, usimame dakika kumi, na uhesabu mapigo ya moyo wake kwa kidole chini ya taya. Akiwa amepumzika kabisa huwa kati ya 28 na 44 kwa dakika, na baada ya mapumziko hayo ya kilimani ningetaka kuona yameshuka kufikia 60 au chini yake. Mwisho, ukiwa umeelekeza uso wake nyumbani, mgeuze tena umwondoe. Hapo ndipo ugomvi mwingi hujitokeza, na ni heri ujitokeze mbele ya mwenye farasi kuliko mbele ya mgeni wako.

Fanya hivyo mara mbili, siku mbili tofauti, na ya pili usiitangulize kwa simu. Zipo dawa za kutuliza maumivu ambazo humfanya kilema atembee sawa kwa siku moja au mbili, na zipo za kutuliza akili ambazo humfanya mkorofi awe kondoo kwa saa kadhaa. Kwa farasi wa bei kubwa, mlipe daktari wa mifugo aliyesajiliwa, asiye daktari wa muuzaji, amchunguze na achukue damu iwekwe, ipate kupimwa dawa hizo ikibidi. Muuzaji asiye na la kuficha hatakasirika. Mimi nikiuza, huwa namwambia mnunuzi aje na daktari wake hata kama hakufikiria.

Nilisema kwamba mimi pia niliwahi kunyamaza. Nilimuuzia kijana mmoja, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anaanza kazi ya kuwatembeza wageni, farasi jike mwekundu aliyekuwa na kasoro moja tu: hakuwa akivuka daraja la mbao. Kwangu hakukuwa na daraja, kwa hiyo nilijiambia kwamba hilo halihusu. Kijana alimpenda, aliuliza kama kuna jambo lolote la kujua, nami nikajibu kwamba ni farasi mzuri. Mwezi wa pili baada ya kumnunua, kwenye daraja dogo la mbao juu ya mfereji, farasi alisimama ghafla, akageuka, akamwangusha mwanamke aliyekuwa amempanda, akavunjika mtulinga. Nilipopata habari nilipanda gari siku hiyo hiyo. Yule kijana hakunipigia kelele. Aliniuliza swali moja, «Mzee, ulijua?» Nikamwambia nilijua. Nilimrudishia pesa zake zote, nikamchukua farasi, nikalipa gharama za hospitali, na bado swali lile ninalo mpaka leo. Baadaye nilimfundisha yule jike kuvuka daraja, kwa mbao mbili zilizolazwa chini malishoni na mahindi kidogo upande wa pili, kazi ya wiki tatu. Wiki tatu tu, na mimi nilikuwa nimeziona ni nyingi.

Katika sheria nitapita haraka, wapo wanaoijua vizuri zaidi. Sheria yetu ya uuzaji wa bidhaa, Sura ya 31, humlinda zaidi aliyenunua kwa mfanyabiashara wa vitu hivyo kuliko aliyenunua kwa mtu binafsi. Kwa hiyo mkinunua kwa jirani, andikeni mapatano katika karatasi moja: farasi ni nani, anauzwa kwa kazi gani, kasoro zipi zimetajwa, anajaribiwa siku ngapi, na akifa au akiumia katika siku hizo hasara ni ya nani. Kusafirisha mnyama kutoka eneo moja hadi jingine kunahitaji kibali cha ofisi ya mifugo chini ya sheria ya magonjwa ya wanyama, na kibali hicho tusikione kuwa usumbufu, kwa kuwa maksai wangu wa kijivu alisafiri bila hicho pia. Na kumfanyisha kazi farasi mgonjwa au kumzidishia mzigo ni kosa chini ya sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360.

Sasa niwageukie masaisi. Katika kila zizi la nchi hii, mtu anayejua ukweli wa farasi ni saisi. Yeye ndiye anayemlisha alfajiri, ndiye anayejua upande gani hapendi kuguswa, ndiye aliyemwona akichechemea Jumanne na akanyooka Alhamisi. Lakini siku ya mnunuzi kufika, saisi huambiwa amshike farasi na anyamaze. Wenye farasi, nawaombeni kwa heshima zote: mwacheni saisi aulizwe na ajibu, wala asifukuzwe kazi kwa kujibu. Nanyi wanunuzi, muulizeni, tena muulizeni kwa adabu, mkae naye zizini kabla ya kukaa na mwenye mali barazani. Nikiwa saisi kijana niliwahi kuona farasi mwenye ugonjwa wa macho akiuzwa huku nimeshika kamba yake, na nilikuwa na watoto wawili wa kulisha. Sitaki kijana mwingine abebe hilo.

Na farasi mzee je? Mara nyingi anayeuzwa kwa bei ya kutupa ni yule ambaye mwenyewe hataki kumwona akifa, akapita mkono hadi mkono, kila mkono ukimlisha kidogo kuliko uliotangulia, mpaka akafika mahali ambapo anabeba watoto siku ya sikukuu tangu asubuhi hadi usiku bila maji, ilhali farasi huhitaji lita 25 hadi 40 kwa siku. Aliyebeba wageni wako miaka kumi amelipa malisho yake. Ukishindwa kumweka, zungumza na daktari juu ya kumlaza bila maumivu, au wasiliana na wale wa KSPCA Nairobi, chama cha kulinda na kutunza wanyama, wakushauri, lakini usimuuze ili usijue kilichompata. Katika mapatano yangu ya kuuza naweka mstari mmoja kwamba siku utakapotaka kumwondoa farasi huyu, mimi niwe wa kwanza kuambiwa. Farasi wanne wamekwisha kurudi kwangu kwa mstari huo, na mmoja yuko malishoni sasa, hana meno mengi, anakula pumba iliyolowekwa.

Maswali nitayapokea hapa hapa chini ya mti. Daftari la huyu jike liko mezani, lisomeni lote, pamoja na ukurasa wa homa ya kupe na ule wa kuvuta hatamu. Bei tutaelewana na atakayemtaka, baada ya kumpanda na si kabla. Njia ya mtoni ni ile inayopita nyuma ya ghala, maji leo yanafika magotini pa farasi, na katika kurudi mtavuka daraja la mbao. Tandiko limekwisha wekwa. Asiyezidi kilo 65 na aje mbele.